Barua ya wazi kwa wakuu wa elimu Mombasa: msitununulie maktaba kwa katoni

Kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti, Waziri wa Elimu katika Serikali ya Kaunti ya Mombasa, na wenyeviti wa Bodi za Usimamizi za shule za umma za Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu.

Waheshimiwa, assalaam aleikum na hamjambo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya umma upande wa Kisauni, na ndiye mlezi wa maktaba. Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe linahusu fedha za umma na watoto wa umma, na kwa sababu nimelisema vikaoni hadi nikaona halitoki humo vikaoni. Ombi langu ni moja. Kabla ya shilingi yoyote ya vitabu vya maktaba kutoka, majina ya vitabu yaandikwe na shule yenyewe, kimoja kimoja, na watu wanaowajua watoto watakaovisoma. Muuzaji aje baadaye.

Sasa hivi mambo huenda kinyume. Mwaka wa fedha unakaribia kufungwa 30 Juni, kuna kiasi kimebaki au kuna mfadhili ameahidi, na shule inaambiwa zitumike upesi. Mhasibu anaomba kotesheni tatu. Kotesheni za nini? Karatasi imeandikwa "vitabu vya maktaba, mchanganyiko", basi. Wauzaji watatu wanaleta bei tatu za vitu vitatu visivyofanana, wa bei ya chini anapewa, LPO, yaani hati ya agizo, inatiwa saini, gari linafika. Karatasi zote ziko sawa, na mkaguzi akija haoni pa kushika.

Nilikuwapo katoni kama hizo zilipofunguliwa, katika shule nisiyoitaja. Ya kwanza ilijaa kitabu kimoja cha marudio ya hisabati, nakala arubaini, zote bado zinanukia wino. Ya pili ilikuwa marudio ya KCPE, mtihani uliofanywa mara ya mwisho 2023. Tukaipeleka kando. Ya tatu ndiyo iliyokuwa na hadithi: vijitabu vyembamba vya chekechea, maneno manne kila ukurasa, picha za watoto waliovaa makoti wakicheza kwenye theluji. Shule ile ina wanafunzi hadi Gredi ya 9. Wasichana wawili wa Gredi ya 7 walikuwa wamesimama mlangoni wakichungulia, na mmoja akauliza hadithi za wakubwa ziko katoni gani. Mwalimu aliyekuwa akipokea mzigo alitazama karatasi ya muuzaji, akatazama tena katoni, akamwambia arudi darasani.

Naomba tusiisingizie sheria. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 inataka ushindani na uwazi, na mimi sina ugomvi nayo. Haimlazimishi mtu anunue kitabu asichokijua jina. Kinyume chake, shule ikiandika jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, toleo na ile namba ya kukitambulisha kitabu, ISBN, yenye tarakimu 13, hapo ndipo kotesheni tatu zinapokuwa za kitu kimoja na bei zinapoweza kulinganishwa kwa haki. Neno "mchanganyiko" ndilo linalompa nafasi mwenye ghala la vitabu vilivyokosa mnunuzi. Mnaolinda fedha za umma mnapaswa kuwa wa kwanza kulipiga marufuku.

Wapo watakaosema kwamba serikali tayari inachagua. Ni kweli, tangu 2018 vitabu vya kiada hununuliwa na Wizara na wachapishaji huvifikisha moja kwa moja shuleni, na watoto wengi walioshirikiana kitabu kimoja watu watano leo kila mmoja ana chake. Ni hatua kubwa na siibezi. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, nayo hukagua vitabu na kutoa orodha tuiitayo Orange Book, yenye vya kiada na vya ziada. Lakini orodha ile inasema kitabu hiki kinafaa kusomwa katika shule za Kenya. Haiwezi kusema kwamba shule ya Mtongwe ina hadithi za kutosha ila haina kitabu hata kimoja cha sayansi ambacho mtoto angekisoma kwa hiari yake, au kwamba shule ya Miritini ina wasomaji wengi wa Gredi ya 5 waliomaliza kila kitu na sasa wanarudia. Hayo anayajua mlezi wa maktaba.

Anayajuaje? Kwa daftari la kuazimisha. Ningependa kila mwenyekiti wa bodi aketi na daftari la shule yake japo robo saa. Langu lina kurasa ambazo jina la kitabu kimoja limejirudia juu hadi chini, kila mstari mtoto mwingine, tarehe zimefuatana, na pembeni kuna majina yaliyoandikwa kwa penseli ya wanaosubiri. Ni riwaya fupi ya Kiswahili ya upelelezi. Jalada lake limebadilishwa, kurasa za mwanzo zimeshikiliwa kwa seloteipu. Tunayo nakala moja. Kwenye rafu ileile kuna seti ya ensaiklopidia ya mfadhili, juzuu nzito zenye maandishi ya dhahabu, na hakuna tarehe hata moja iliyogongwa ndani yake. Ukiyaweka mambo hayo mawili mbele ya mtu mwenye fedha za kununua vitabu, hahitaji semina.

Daftari pekee halitoshi, maana linaonyesha kilichopo tu. Asichokikuta mtoto hakiandikwi. Kwa hiyo nina kisanduku cha maombi mlangoni, na masikio. Mvulana mmoja wa Gredi ya 6, babake mvuvi, aliniuliza kwa nini maji ya bamvua hupanda vile na siku nyingine yakawa mafu. Nilimweleza nilichokijua, kwamba mwezi mpevu na mwezi mwandamo jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja, na kwamba hapa kwetu tofauti ya maji kujaa na kupwa siku hizo hupita mita 3. Akataka kitabu. Tulikwenda rafu ya 500, ya sayansi. Kitabu cha bahari kilikuwapo kimoja, kizuri cha picha, kimetungiwa watoto wa pwani nyingine kabisa. Ndani yake hamna mikoko, hamna changu wala tafi, hamna kusi wala kaskazi. Yule mtoto anayajua hayo yote kwa kuyaona, na maktaba ya shule yake haimtambui. Akakirudisha kesho yake.

Siombi watoto wa Mombasa wasome habari za Mombasa tu. Nataka wasome habari za theluji pia, na za nyota, na za Wajapani. Ila mtoto aliye mwendo wa tuktuk kutoka Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa 1593, anastahili kukuta kitabu cha kueleza nani aliijenga na nani aliipigania. Mtoto wa Kigiriama wa Kisauni anastahili kumkuta Mekatilili wa Menza na upinzani wa Wagiriama dhidi ya Waingereza wa 1913 kwenye kitabu kizima chenye picha na ramani; aya mbili za kitabu cha kiada hazimtoshi. Anastahili kujua kwa nini Kaya za Mijikenda, ile misitu mitakatifu, zimeingizwa kwenye Urithi wa Dunia. Vitabu vya namna hii vipo, vingine vimechapishwa hapahapa nchini, lakini havijileti vyenyewe katika katoni. Havina wakala wa kuvizungusha kwenye ofisi za walimu wakuu.

Kuhusu Kiswahili nitasema zaidi kidogo, mniwie radhi, ndiyo kazi yangu. Mfumo wa Dewey, wa kupanga vitabu vya maktaba kwa namba, unaweka fasihi ya Kiswahili kwenye namba 896.392. Ingieni katika maktaba ya shule yoyote ya umma mjini, mtafute rafu hiyo. Mtakuta vitabu teule vya mitihani, nakala nyingi, na miongozo yake, nakala nyingi zaidi. Ushairi ni kama haupo. Na huu ndio mji wa Muyaka wa Haji, wa Ahmad Nassir Juma Bhalo, wa Abdilatif Abdalla. Mtoto anaweza kuzaliwa Kuze, akasoma hadi Gredi ya 9, akatoka bila kuwahi kushika diwani ya mshairi wa mji wake, huku nyanya yake nyumbani akizijua baiti kwa moyo. Najua baadhi ya diwani hizo hazipatikani madukani. Shule moja ikimwandikia mchapishaji kuomba achape upya, barua itaishia kwenye faili. Shule zote za kaunti zikiagiza pamoja, kwa barua moja yenye idadi ya nakala, hilo ni agizo la biashara na atalisikia. Hapo ndipo ninyi mna nguvu tusiyokuwa nayo sisi.

Kuagiza pamoja kuna faida nyingine ya bei. Sheria ya 2013 ilivitia vitabu kwenye kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 16, na kila mzazi aliyenunua vitabu Januari anajua uzito wake. Duka humpunguzia bei anayenunua nakala mia tatu, halimpunguzii anayenunua mbili. Kila shule iandike orodha yake, kaunti ndogo ikusanye, majina yanayojirudia yaagizwe kwa pamoja, na yale ya shule moja moja yabaki yake. Hapa msichanganye mambo: agizo liwe la pamoja, uchaguzi ubaki shuleni.

Sasa kitabu chenyewe kama kitu cha kushikwa. Hili halizungumzwi kabisa, na hapa pwani linatugharimu sana. Chukueni kitabu, kifungueni katikati, kilazeni mezani, mtazame pale kurasa zinapokutana. Mkiona uzi, kurasa zimeshonwa kwa mafungu, na kitabu hicho kitavumilia miaka. Mkiona gundi tupu, kibonyezeni mgongo taratibu. Kikilia, basi joto letu litaikausha gundi hiyo, unyevu utavimbisha karatasi, na kabla mwaka haujaisha kurasa zitakuwa zinatoka moja moja mikononi mwa watoto, kisha mtoto wa mwisho kukiazima ndiye atakayeambiwa alipe. Si haki. Nimeona wazazi wakilipishwa kitabu kilichokufa kwa gundi. Kamati inayopokea vitabu iwe na amri ya kufungua nakala kadhaa katika kila jina kabla ya kutia saini, na kukataa zisizofaa. Watazame pia wino na karatasi. Kitabu bandia huonekana: picha zimefifia, ukurasa umekatwa pembeni hadi maneno yameliwa, kurasa nyingine hazimo. Shule inayonunua hicho kwa sababu ni rahisi inamwibia mwandishi na inawafundisha watoto wizi.

Katika kila bajeti ya vitabu mtenge fungu la kuvitunza. Plastiki ya kufunika majalada, seloteipu ya vitabu, rafu zilizosogezwa shubiri moja kutoka ukutani ili hewa ipite na kuvu isiote, rafu ya chini iinuliwe mbali na sakafu na mchwa. Mambo madogo, na hakuna tenda inayoyataja.

Nije kwa misaada. Mji wetu ni wa bandari na makontena ya vitabu yanashuka Kilindini, mengine kwa nia njema kabisa. Wengi wetu tunaona haya kukataa. Lakini msaada ukifika bila orodha kutangulia, shule inageuka mahali pa wengine kumwagia walivyovichoka. Nina atlasi ya msaada inayoonyesha Sudan nchi moja, ilhali Sudan Kusini imejitenga tangu 2011, na Kenya yenye mikoa minane, wakati watoto hawa wamezaliwa ndani ya kaunti. Nina kitabu cha anga kinachohesabu Pluto sayari ya tisa, jambo ambalo wanaastronomia waliliondoa 2006. Mtoto akikikuta kitabu hicho rafuni mwa shule anakiamini, na ana haki ya kukiamini, maana shule ndiyo iliyokiweka. Naomba Ofisi ya Elimu itoe waraka mfupi: mfadhili alete majina na miaka ya kuchapishwa kwanza, shule ichague, visivyochaguliwa visipakiwe. Na walimu wapewe ruhusa ya maandishi kuviondoa vilivyopitwa na wakati. Hivi sasa mlezi wa maktaba akitoa kitabu kibovu rafuni anaogopa kuulizwa mali ya serikali iko wapi, kwa hiyo vinakaa, na rafu inaonekana imejaa.

Rafu iliyojaa ndiyo inayotudanganya. Mwongozo wa maktaba za shule uliotolewa na IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, na UNESCO 2002 ulitaja vitabu 10 kwa kila mwanafunzi, na visipungue 2,500 hata kwa shule ndogo kabisa, na angalau asilimia 60 viwe vya maarifa vinavyohusiana na mtaala. Shule nyingi za umma hapa ziko mbali sana na hapo. Umbali huo ndio unaowafanya watu wakimbilie idadi, na kwenye ripoti nakala arubaini za marudio huhesabika vitabu arubaini. Heri shule inunue vitabu sitini mwaka huu, vyote vimechaguliwa, vyote vinatoka rafuni kila wiki, kuliko mia sita vinavyolala.

Kuna jambo zito ambalo bodi nyingi zinalikwepa: kitabu kinapolalamikiwa. Mombasa ina watu wa dini na mila nyingi, na mzazi ana haki ya kuuliza mwanawe anasoma nini. Nimewahi kuona kitabu kikitolewa rafuni kimyakimya kwa sababu mtu mmoja amepiga simu, bila yeyote kukisoma. Nimeona pia kitabu kisichofaa umri wa watoto kikibaki kwa sababu hakuna aliyejua pa kulalamikia. Dawa ni sera ya uteuzi iliyoandikwa, kurasa mbili zatosha. Iseme tunachagua kwa vigezo gani, nani wanachagua, vitabu vya dini vinaingiaje kwa uadilifu kwa Waislamu, Wakristo na Wahindu, na mlalamishi aandike kwa nani. Wanakamati wakisome kitabu chote, wajibu kwa maandishi, na kitabu kisiguswe hadi hapo. Sera hiyo inamlinda mzazi, inamlinda mwalimu mkuu, na inamlinda mtoto anayehitaji kusoma.

Kamati yenyewe ya kuchagua vitabu isiwe ya watu wakubwa tu. Mlezi wa maktaba, walimu wa masomo mbalimbali, mzazi mmoja au wawili, na wanafunzi. Nasisitiza wanafunzi. Hakuna fundi wa Barabara ya Biashara anayekata kitambaa kabla ya kumpima mvaaji. Mwekeni pia mwalimu wa elimu maalumu. Katika madarasa ya kawaida tunao watoto wenye uoni hafifu wanaohitaji maandishi makubwa, na wachache wanaosoma breli. Kenya ilijiunga 2017 na Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu vitabu vigeuzwe kwa ajili ya wasioona bila kusubiri ruhusa ya mwenye haki. Sijaona agizo la vitabu vya maktaba lililowataja.

Kwa upande wa Serikali ya Kaunti: najua mtasema shule za msingi na za upili ni za Serikali ya Kitaifa. Ni kweli. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazikabidhi kaunti elimu ya chekechea, na linazikabidhi maktaba. Kwa hiyo tabia ya kusoma inaanzia mikononi mwenu, na maktaba ya umma mtoto atakayokwenda Jumamosi ni jukumu lenu. Wakutubi waliosomea kazi hii wapo mjini. Wapeni siku chache kila muhula wazunguke shuleni wakae na kamati zetu, watufundishe kusoma katalogi za wachapishaji, kuandikisha na kupanga kwa namba. Hilo halihitaji jengo jipya.

Na makabati yafunguliwe. Mwalimu mkuu anayefungia vitabu ili visipotee hafanyi ubaya. Anajua akipoteza ataulizwa, na visiposomwa haulizwi. Badilisheni swali. Mnapokuja kukagua, ombeni daftari la kuazimisha kabla ya daftari la mali, na mkubali kwamba vitabu vichache hupotea kila mwaka katika maktaba inayotumika.

Ninachoomba kianze muhula ujao ni hiki: kusiwe na LPO ya vitabu vya maktaba isiyoambatanishwa na orodha ya majina iliyotiwa saini na kamati ya shule, na orodha hiyo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wiki mbili kabla ya agizo, wazazi na wanafunzi waione na waseme. Kama kaunti nzima ni nyingi mno, anzeni na shule za kaunti ndogo moja. Orodha yetu tumeshaiandika pamoja na wanafunzi, ina majina, matoleo, ISBN na bei za maduka mawili ya mjini, na vitabu vya bahari vimo. Naomba mnipangie siku ya kuileta ofisini.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Kiswahili na mlezi wa maktaba,
Kisauni, Mombasa